Mume wangu ameitwa Thailand, mimi sijasikia kitu

"Bwana asifiwe, Mama. Tunaishi Kahawa West na tuna watoto watatu. Wa kwanza ni msichana wa miaka 13, yuko Gredi ya 8. Wa pili ana miaka 8, na kitinda mimba ana miaka 3. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni mhasibu. Mwaka jana alienda kongamano la umisheni akarudi akilia, akisema Mungu ametuita Thailand. Tangu hapo anajifunza Kithai kwenye simu, na ameshamwambia mchungaji kwamba tutaondoka mwakani. Mimi nimeomba na kufunga, sijasikia kitu. Nikisema hivyo, ananiambia Sara alimfuata Abrahamu bila maswali. Mama yangu ni mjane kule Murang'a, ana kisukari na presha, na mimi ndiye ninayemnunulia dawa. Tuna mkopo wa Sacco wa ploti tuliyonunua Juja. Naogopa nikikataa nitakuwa nimempinga Mungu, na nikikubali nitakuwa nimedanganya. Nifanye nini?"

Dada mpendwa, swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale mwisho. Nianzie hapo hapo, maana naona hiyo ndiyo hofu inayokunyima usingizi. Kusema "bado sijasikia" si kumpinga Mungu. Ni ushuhuda wa kweli wa mmoja kati ya watu wawili wanaotakiwa kusafiri, na mumeo anauhitaji ushuhuda huo kuliko anavyohitaji maneno ya Kithai. Ukiuficha, unamwacha afanye uamuzi mkubwa kuliko yote ya maisha yenu akiwa na nusu ya habari.

Naandika hivi kwa sababu niliwahi kuwa mahali ulipo. Mimi na mume wangu tuliishi Asia ya kusini-mashariki miaka tisa na watoto wawili, na sasa kazi yangu hapa Nairobi ni kukaa na familia zinazojiandaa kwenda umisheni. Siku ya mahojiano kamati ya umisheni iliniuliza kama nami nimeitwa. Nikajibu, "Mume wangu akienda, nitaenda." Wakaandika ndiyo, tukaombewa, tukapanda ndege. Mwezi wa nne kule niligundua kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nikiosha vyombo kwa dawa ya kulainishia nguo, kwa kuwa sikuweza kusoma hata herufi moja kwenye chupa. Mtoto alikuwa akisukuma sahani, akisema chakula kinanuka maua, nami nikimgombeza kwamba anadeka. Nilikaa sakafuni jikoni na ile chupa mkononi, nikalia hadi mume wangu aliporudi. Usiku ule nilimwambia neno lililokaa kati yetu mwaka mzima: "Hii ni kazi yako, si yangu." Lilimuumiza kwa sababu hakuwahi kulisikia. Sikulisema siku lilipokuwa bado na faida.

Sasa kuhusu Sara. Isome tena habari yake pamoja na mumeo, taratibu. Katika Mwanzo 12, kwenye safari ile ile ya wito, Abrahamu anaogopa Wamisri, anamwambia mkewe aseme ni dada yake, na Sara anachukuliwa nyumbani kwa Farao. Wito alipewa Abrahamu, lakini hatari ya kwanza ilimwangukia Sara. Mkifika sura ya 21, katika jambo gumu la nyumba yao, Mungu mwenyewe anamwambia Abrahamu aisikilize sauti ya mkewe. Sikupi mistari hii uigeuze rungu la kumpigia mumeo. Nakupa ili jina la Sara lisitumike tena kukunyamazisha.

Kuna habari moja ninayowasimulia wanandoa wote wanaokuja kwangu. William Carey, fundi viatu Mwingereza ambaye wengi humwita baba wa umisheni wa kisasa, alisafiri kwenda India mwaka 1793. Mkewe Dorothy alikataa kwenda. Carey akaondoka na mtoto wao mkubwa, akamwacha Dorothy akiwa mjamzito. Safari ikakwama pwani ya Uingereza, akarudi nyumbani, akamkuta Dorothy ana mtoto mchanga wa wiki chache tu. Akashinikizwa upya, akakubali haraka haraka, kwa sharti kwamba dada yake aandamane naye. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter, wa miaka 5, alikufa kule Bengal. Akili ya Dorothy ikavunjika, wala haikupona. Aliishi katika hali hiyo hadi alipofariki mwaka 1807, huku mumewe akiendelea na kazi ya kutafsiri Biblia ndani ya nyumba hiyo hiyo. Simkosoi Carey ili kupunguza kazi yake; matunda yake yapo. Lakini ile "ndiyo" ya Dorothy haikupewa muda wa kukomaa, na aliyeilipia ni yeye.

Wito wenyewe huenda namna gani? Wengi wetu tumefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba wito ni sauti inayomjia mtu mmoja, kisha wengine kazi yao ni kutii. Ukifungua Matendo 13 unaona utaratibu tofauti. Kanisa la Antiokia lina manabii na walimu watano waliotajwa kwa majina, wote tayari wako kazini. Wanaabudu na kufunga pamoja, na Roho anasema nao wakiwa kundi: nitengeeni Barnaba na Sauli. Wanafunga tena, wanaomba tena, ndipo wanaweka mikono. Na Sauli alikuwa ameshaambiwa habari ya mataifa miaka mingi kabla, tangu Dameski. Kati ya ile sauti na siku ya kutumwa kulikuwa na miaka ya kutumika mahali padogo, akionwa na watu waliomjua.

Kwa hiyo machozi ya mumeo kwenye kongamano siyadharau hata kidogo. Nimeona wamishonari wa kweli walioanzia hapo. Ila machozi ni mwanzo wa mazungumzo, na yeye ameyafanya kuwa tarehe ya kusafiri. Yanayobaki ni maswali ambayo hawezi kuyajibu akiwa peke yake. Watu wanaomjua vizuri, wakiwemo wale wasiompendeza, wanaona nini? Hapa Nairobi anao rafiki hata mmoja wa kabila lingine au dini nyingine ambaye anakula kwake na kumsikiliza? Nairobi haina upungufu wa majirani wa mbali. Mtu anaweza kupanda matatu hadi Eastleigh, akanywa chai na mwenye duka Msomali kila Jumamosi kwa mwaka mzima, kwa uwazi na kwa heshima, akajifunza kukaa kimya katika nyumba isiyo yake. Asipoweza hilo kwa nauli ya matatu, ndege haitampa uwezo huo.

Na Thailand si nchi ya haraka. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni Wabudha, na kwa wengi wao kuwa Mthai na kuwa Mbudha ni kitu kimoja. Kithai kina toni tano. Silabi ile ile ikipandishwa au ikishushwa sauti inakuwa neno lingine. Kinaandikwa kwa konsonanti 44, na maneno hayaachiwi nafasi katikati. Programu ya simu inatosha kusalimia. Ili umfariji mtu aliyefiwa unahitaji darasa la kila siku kwa miaka miwili hivi, na katika miaka hiyo mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa anaongea kama mtoto. Kama mumeo anatarajia mikono kuinuliwa Jumapili kwa Jumapili kama tulivyozoea hapa, aambiwe mapema na mtu aliyekaa huko.

Linalokuhusu wewe hasa ni hili, na sijui kama kuna aliyekuambia: anayekwenda na viza ya tegemezi Thailand haruhusiwi kufanya kazi bila kibali. Uuguzi wako, unaolisha nyumba na kukupa jina lako, utalala. Mumeo atatoka asubuhi akiwa na kazi, na wewe utabaki na watoto katika mtaa usioweza kuusoma. Wake wengi waliorudi mapema ambao nimekaa nao hawakuwa wamepoteza imani. Walikuwa wamepoteza kazi ya mikono yao. Kama siku moja mtakwenda, kazi yako iandikwe kwenye mpango tangu mwanzo, na leseni yako ya Baraza la Wauguzi iendelee kulipiwa na mafunzo yake kufanywa.

Kuhusu watoto, nitakaa kidogo kwa msichana wenu. Wa miaka 3 atashika lugha kabla yenu. Wa miaka 8 atalia miezi michache, kisha atapata rafiki wa mpira. Wa miaka 13 ndiye anayeng'olewa na mizizi. Umri huo mtoto anajijua kupitia marafiki zake, na ndio umri ambao mashirika mengi husita kuipeleka familia kwa mara ya kwanza. Mwakani atakuwa Gredi ya 9 na mtihani wa KJSEA, kisha anapangiwa shule ya sekondari ya juu. Mkimtoa katikati, atasomea wapi? Shule ya Kithai hawezi, kwa umri wake. Shule ya kimataifa ya Bangkok au Chiang Mai karo yake inaweza kumeza bajeti yote. Kusomea nyumbani kunawezekana, ila mwalimu atakuwa wewe, juu ya yote niliyoyataja. Na ngozi yake na nywele zake zitatazamwa. Binti yangu aliguswa nywele kwenye basi na watu asiowajua, wakicheka bila nia mbaya, hadi akaanza kuvaa kofia kwenye joto la nyuzi 35. Haya hayawi sababu ya kutokwenda. Ni sababu ya kumuuliza yeye, na kumsikiliza, kabla tikiti hazijanunuliwa.

Najua kuna sauti kanisani inayosema kwamba mateso ya familia ndiyo alama ya wito wa kweli. Watatukumbusha Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na katika mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Kaburi liko upande wa Nyali, nimesimama pale. Sisi tuliopokea Injili kupitia watu kama hao tuna deni la shukrani, kweli. Lakini chanzo cha homa iliyomwua Rosine hakikuwa kimejulikana wakati ule. Hatari ambayo leo tunaweza kuiona na kuizuia, tukiipuuza, haigeuki kuwa dhabihu.

Pesa. Hapa nataka mumeo mwenyewe asome, kwa sababu ni mhasibu. Shirika zuri la umisheni humwandikia mtu bajeti ya kila mwezi: pango, chakula, shule ya lugha, bima ya matibabu, karo, nauli ya kurudi, akiba ya uzeeni. Kisha familia inatafuta makanisa na watu wanaoahidi kuchangia kila mwezi, na haiondoki mpaka ahadi zifikie kiwango. Si kuombaomba, Paulo aliwashukuru Wafilipi kwa jambo hilo hilo. Tatizo letu Wakenya ni kwamba tumezoea harambee. Tunajua kukusanya laki tano kwa alasiri moja, kwa msiba au arusi, kisha kila mtu anarudi kwake. Mmishonari aliyetumwa kwa harambee anakula vizuri miezi sita, halafu simu zinaanza kutopokelewa. Afadhali watu 60 wa Sh2,000 kila mwezi bila kukosa. Hizo ni Sh120,000.

Halafu kuna mambo ya kubadilisha pesa. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifika karibu Sh160. Miezi michache baadaye ikarudi karibu Sh130. Zile Sh120,000, kwa bei ya kwanza ni dola 750. Kwa bei ya pili ni dola 920 hivi. Hakuna mchangiaji aliyeacha kutoa, lakini mezani kuna tofauti ya chakula cha wiki kadhaa. Bajeti yenu iwe na nafasi ya kumeza mtikisiko huo.

Mkopo wa Juja usiufungie macho. Mshahara ukikoma, Sacco itachukua akiba yenu kwanza, kisha itawageukia wadhamini. Pengine ni wenzake mumeo wa ofisini. Wataanza kukatwa mishahara kwa ajili ya wito ambao hawakuusikia, na jina la Kristo litasemwa vibaya kwenye meza za chai. Lipeni mkopo au uzeni ploti kwanza. Hili sina shaka nalo.

Nisisahau kusema jambo moja la kutia moyo, kwa kuwa huenda mchungaji wenu anafikiri kutuma ni kazi ya wazungu. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la hapa kwetu, alisimama Marekani akataka wamishonari na fedha za kutoka nje visimame kwa muda, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake. Alipingwa sana. Leo Wakenya wanatumwa nchi nyingi, na kanisa la AIC (Africa Inland Church) lina chuo chake cha wamishonari kule Eldoret. Kanisa lenu linaweza. Ila kutuma ni pamoja na kuuliza maswali, na mchungaji aliyeambiwa tarehe bila kukuita wewe ofisini hajauliza bado.

Mama yako. Nisingependa mtu akusomee Mathayo 10 juu ya kumpenda mama kuliko Kristo bila kukusomea pia Marko 7, ambapo Yesu anawakemea waliotaja Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Kumtunza mama ni amri, haishindani na wito. Kinachowezekana ni kugawana. Waite ndugu zako mkae Murang'a siku moja, mseme kwa majina na kwa shilingi: nani ananunua dawa, nani anampeleka kliniki, bima yake ya afya ya SHA inalipwa na nani kwa mwaka mzima, nani atapigiwa simu usiku. Mkikosa majibu, hilo nalo ni jibu la mwaka huu.

Basi, kama ningekuwa kwenye kamati yenu, nisingewapitisha mwakani. Wala nisingemwambia mumeo kwamba amekosea kusikia. Ningewapa miaka miwili au mitatu yenye kazi ndani yake: mkopo uishe, msichana amalize Gredi ya 9 na mjue njia yake, mumeo atumike mahali pa utamaduni mwingine hapa Kenya chini ya uangalizi. Katikati ya muda huo nyinyi wawili mwende Thailand wiki tatu au nne bila watoto, mkae na familia inayofanya kazi huko. Wake wengi wamesikia walichokuwa wakikingoja wakiwa sokoni katika safari kama hiyo. Wengine wamerudi na "hapana" iliyo wazi, na waume zao wakaielewa kwa kuwa walikuwapo. Kungoja kuna hasara yake, nikiri: msichana atazidi kukua, na huenda mkalazimika kungoja hadi amalize shule au kumwacha kwa ndugu, jambo ambalo silipendi. Mumeo naye anaweza kuvunjika moyo. Lakini njia ninayowakataza kabisa ni ya yeye kutangulia peke yake "kuandaa mahali" kwa mwaka au zaidi. Ndoa nilizoona zikipasuka zilipasukia hapo.

Ulizia pia mwaliko umetoka kwa nani. Tangu 2022 serikali imekuwa ikionya kuhusu Wakenya wanaoahidiwa kazi Thailand na kuishia kwenye kambi za utapeli mtandaoni nchini Myanmar. Shirika la kweli lina ofisi, lina familia mnazoweza kuzungumza nazo, na halidai ada ya haraka ya viza. Ubalozi wa Thailand upo hapa hapa Nairobi; ulizeni huko wenyewe.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyabeba. Kama mmekuwa mkilala migongo ikitazamana kwa miezi, tafuteni mshauri wa ndoa asiye wa kanisa lenu, mkakae naye ana kwa ana. Ikiwa mumeo halali usiku kadhaa mfululizo, anaongea kwa kasi isiyo yake, anatoa pesa au kuuza vitu ghafla kwa sababu Mungu amemwambia, mpeleke kwa daktari wa akili wiki hii. Hilo linatibika, na kulitibu hakuui wito. Na kama amekutisha au kukushika kwa nguvu kwa ajili ya jambo hili, usiombee hapo peke yako. Toka, mwambie mtu, kaa salama kwanza.

Kwa usiku wa leo ningekuomba uanze na jambo dogo. Watoto wakishalala, mwambie mumeo yale maneno mawili uliyoniandikia, la kupinga na la kudanganya, kama yalivyo. Kisha chukueni karatasi mbili. Kila mmoja aandike kivyake anachoamini amesikia, anachoogopa, na ambacho hayuko tayari kukipoteza. Msisomeane mpaka Jumamosi. Na msichana wenu mpeni karatasi ya tatu.